Mkondo wa LED Kubwa Usiachiwe Rezista

Wanaojifunza elektroniki huanza kwa kuwasha LED ndogo kwenye pini ya Arduino Uno (bodi ndogo yenye maikrokontrola, yaani kompyuta ya chipu moja), na wengi huamini kwamba LED ya wati 1 au 3 ni kazi ileile, ila kubwa kidogo. Sikubaliani nao. Pini ya Arduino inafaa kutoa miliampea 20 hivi, na 40 ndio ukomo usioguswa, ilhali LED nyeupe ya wati 1 hutaka miliampea 350. Hilo hueleweka upesi, na mtu huongeza transista, swichi ya kielektroniki inayobeba mkondo mkubwa. Ugomvi wangu unaanzia baada ya transista, kwenye rezista ambayo mafundi wengi bado wanaitegemea kuzuia mkondo usizidi.

Tuchukue betri ya sola ya volti 12 na LED tatu zilizoungwa kwa mfuatano. Kila moja hula volti 3.2, jumla 9.6, na 2.4 zinazobaki huiangukia rezista. Kwa miliampea 350, hesabu inadai omu 7 hivi, na kwenye karatasi kazi imekwisha. Lakini betri hiyohiyo, jua likiwa kali na chaja ikiijaza, hufika volti 14.4. Hapo rezista inabeba volti 4.8, na mkondo unakaribia kuwa maradufu. Kibaya zaidi, LED ikipata joto volti inazohitaji hupungua, mkondo ukaongezeka, na joto likaongezeka tena. Usiku betri ikishuka, taa hiyohiyo inafifia bila mtu kuigusa.

Kwa maoni yangu, maikrokontrola ibaki na kazi ya kutoa amri, na mkondo usimamiwe na draiva, yaani saketi inayoushikilia mkondo usibadilike, iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Chipu kama PT4115 hupima mkondo wenyewe kupitia rezista ndogo sana: ukiweka ya omu 0.3, LED hupata takriban miliampea 330, betri iwe imejaa au imepungua. Chipu hiyo ina pini ya DIM, ya kufifisha mwanga, ambayo ndiyo tunayoiunganisha na maikrokontrola. Jambo moja husahaulika: pini hiyo isipopewa amri yoyote, taa huwaka kwa nguvu zote, kwa hiyo kila unapowasha mtambo utaona mwako mkali kabla programu haijaanza, isipokuwa umeweka rezista ya kuivuta pini hiyo hadi kwenye graundi (upande hasi).

(Anayeng'ang'ania mosfeti, aina ya transista, peke yake bila draiva basi aichague vizuri: IRF540 inayojaa madukani hutaka volti 10 hivi kwenye geti, pini inayopokea amri, ili ifunguke sawasawa, na maikrokontrola kama ESP32 ina volti 3.3 tu za kuipa.)

Kufifisha nako kuna hesabu yake. Maikrokontrola haipunguzi umeme; huwasha na kuzima LED kwa kasi, na jicho huona wastani. Jicho, hata hivyo, halipimi mwanga kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo taa inayowaka nusu ya muda huonekana kama imepungua kidogo tu. Katika ngazi 256 za Arduino (0 hadi 255), mwanga unaoonekana kuwa nusu upo karibu na ngazi ya 56, na chini kabisa, kutoka ngazi ya 1 kwenda ya 2, mwanga huongezeka maradufu na mruko huo huonekana wazi. Nashauri kutumia biti 12, yaani ngazi 4096, pamoja na jedwali ndani ya programu linalobadilisha kila kiwango cha mwanga unaotakwa kuwa ngazi inayofuata tabia ya jicho.

Hata biti nyingi zina mpaka. Kwa masafa ya 1000 Hz, yaani kuwasha na kuzima mara 1000 kwa sekunde, ngazi moja kati ya 4096 hudumu takriban robo ya mikrosekunde, muda ambao koili ya draiva haiwezi kuujaza mkondo, hivyo ngazi za chini kabisa hazitoi mwanga wowote. Ukishusha masafa unazipata baadhi yake, lakini ukishusha mno kamera za simu huanza kuonyesha mistari. Mimi hubaki karibu na 500 Hz, kisha naipandisha thamani ya chini ya jedwali polepole hadi taa iwake bila kuyumba, na programu huanzia hapo.