Mafuta ya Kondoo Yaacheni Yawe Mafuta

Juzi, kwenye kundi letu la WhatsApp la kina mama, mwenzetu mmoja aliweka picha ya mwanawe: viwiko vimechubuka, nyuma ya magoti ngozi imepasuka hadi damu. Pumu ya ngozi, mwenye macho haambiwi. Hata pole hazijaisha, muuza "vitu asilia" wetu keshajibu: "Shoga, acha hizo krimu za hospitali, zina kemikali. Nina mafuta ya kondoo, 25,000 tu." Zina kemikali! Kana kwamba mafuta ya kondoo yametengenezwa kwa dua. Na kwa bei hiyo, kondoo angejua angekata mkia akauze mwenyewe.

Mafuta yenyewe sina ugomvi nayo. Morani wa Kimasai wanajipaka pamoja na udongo mwekundu miaka nenda rudi, bila lebo wala matangazo. Kwetu Arusha shangazi anayayeyusha hadi leo. Anakatakata shahamu vipande vidogo, anabandika sufuria kwenye mkaa wenye moto mdogo, anaacha yajitoe taratibu. Yakiwa bado yanachachatika hachuji, maana maji hayajaisha, na mafuta yenye maji hayakawii kuchacha. Akishachuja kwa kitambaa, yanaganda meupe. Harufu ipo, tusidanganyane. Anayekuuzia yanayonukia waridi ameweka manukato, na manukato ni miongoni mwa vitu vinavyoiwasha ngozi ya mtoto wa aina hiyo.

Lakini kazi ya mafuta ni kuzuia maji yasitoke kwenye ngozi, ndiyo maana unapaka ukitoka kuoga, mwili ukiwa na unyevu. Mafuta mgando, ambayo mkemia Robert Chesebrough aliyapatia hataza Marekani mwaka 1872, yanaifanya kazi hiyo vizuri tu, na hayachachi. Pumu ya ngozi si ukavu peke yake. Ni kinga ya mwili iliyochachamaa, ngozi inavimba na kuwasha kutokea ndani, mtoto anajikuna usiku kucha, vijidudu vinapata mlango. Mafuta yatasaidia ukavu, lakini uvimbe hayauzimi. Krimu aliyoandika daktari, kwa kipimo chake na siku zake, ndiyo inayouzima. Mama, ukiona vidonda vinatoa maji ya njano au mtoto ana homa, usimsikilize mtu wa kundini, hata mimi. Nenda hospitali leo hii.

Wauzaji husema eti mafuta ya kondoo yanafanana na mafuta ya ngozi ya binadamu. Nusu kweli: asidi za mafuta ziitwazo oleiki na palmitiki zipo kote kuwili. Ila mafuta yetu yana nta na skwaleni nyingi (mafuta mepesi ambayo ngozi yenyewe hutengeneza), vitu ambavyo kondoo hatakupa kwenye mkia wake. Na hiyo oleiki ikizidi huweza kuilegeza ngozi iliyokwisha dhoofika.

Haya, kwa shingo upande nakiri: afadhali mtu ajipake kondoo mwili mzima kuliko mkorogo wa kujichubua wenye zebaki.

Kwa mtu mzima mwenye visigino vilivyopasuka, nenda bucha, omba mafuta ya mkia, yeyusha mwenyewe. Jaribu kidogo ndani ya kiwiko kwanza. Weka kwenye chupa kavu yenye mfuniko, mbali na jua, na usichovye vidole vyenye maji. Yakianza kunuka kama kikaango cha juzi, tupa.