Barua ya Juri Ikifika, Usiitupe

Katika yale maswali 100 ya mtihani wa uraia wa Marekani, toleo la 2008, swali la 49 linauliza ni wajibu gani ulio wa raia peke yake. Majibu yanayokubaliwa ni mawili: kuhudumu kwenye juri, yaani lile kundi la raia wa kawaida wanaoamua kesi mahakamani, au kupiga kura katika uchaguzi wa taifa. Watu wetu hulikariri, wakafaulu, wakaapishwa, kisha wakalikumbuka jibu la kura tu. Siku bahasha ya mahakama inapoingia kwenye sanduku la barua, mjadala unahamia kwenye kundi la WhatsApp. Huyu anasema itupe, hawana ushahidi kwamba umeipata. Yule anasema waambie hujui Kiingereza. Ushauri wote huo ni mbovu, na kuna mtu mmoja ambaye unaweza kumponza vibaya sana.

Huyo ni yule ambaye bado hajawa raia. Mahakama huokota majina kwenye daftari la wapiga kura na, sehemu nyingi, kwenye orodha ya wenye leseni za udereva na vitambulisho vya jimbo. Leseni hupewa hata asiye raia, ndiyo maana mwenye kadi ya kijani, ile ya ukaazi wa kudumu, naye huitwa. Asinyamaze, na wala asiende kuketi jurini. Ajaze fomu ya maswali, pale penye uraia aweke alama ya "hapana", atie sahihi, airudishe kabla ya tarehe iliyoandikwa na abaki na nakala. Makosa hutokea pale fomu anapoachiwa mtoto wa shule aijaze haraka haraka mtandaoni. Alama moja ya "ndiyo" mahali hapo ni kudai uraia kwa maandishi, na kudai uraia usio wako kunaweza kukufukuzisha nchini. Kama fomu ilishakwenda hivyo, muone wakili wa uhamiaji kabla hujapeleka ombi jingine lolote.

Raia naye ana masharti yake. Mahakama za shirikisho zinataka uwe umefikisha miaka 18, umeishi ndani ya wilaya ya mahakama hiyo kwa mwaka mmoja, na unajua Kiingereza cha kusoma, kuandika na kusema kiasi cha kujaza fomu na kufuata kesi. Tena usiwe na shtaka kubwa linalosubiri hukumu, wala uwe umewahi kutiwa hatiani kwa kosa la namna hiyo bila kurudishiwa haki zako za kiraia. Majimbo yana sheria zake, nyingi zinafanana na hizo. New Mexico ndiyo ya kipekee: katiba yake inalinda haki ya kukaa jurini hata kwa asiyejua Kiingereza, na mahakama humwekea mkalimani.

Kwingine, kama Kiingereza chako kweli hakitoshi, sema hivyo, ni sababu halali. Lakini lafudhi ya Bukavu au ya Tanga si kutojua lugha. Mtu anayepokea maelekezo ya dawa hospitalini usiku kucha kwa Kiingereza, asubuhi akatia sahihi kwamba hajui Kiingereza, amedanganya mahakama, na fomu hiyo hutiwa sahihi kwa tahadhari ya adhabu ya kusema uongo. Asiyeitikia wito wa mahakama ya shirikisho bila sababu anaweza kutozwa faini ya hadi dola 1,000, kufungwa hadi siku tatu, au kupewa kazi za kijamii.

Kinachowakimbiza wengi ni hela, na hapo nawaelewa. Mahakama ya shirikisho hulipa dola 50 kwa siku, na kesi ikipita siku kumi inaweza kufika 60. California kwa kawaida hulipa dola 15, tena kuanzia siku ya pili. New York ilikuwa 40 hadi ilipopandisha hadi 72 mwaka 2025. Massachusetts imeona mbali zaidi: siku tatu za kwanza mwajiri analipa mshahara wa kawaida, baada ya hapo serikali inalipa dola 50. Kwa anayelipwa kwa saa kwenye ghala au kiwanda cha nyama, dola 15 ni tusi. Matokeo yake jurini hubaki wastaafu na watu wa mishahara ya mwezi, halafu tunashangaa kwa nini kijana wetu akishtakiwa anahukumiwa na watu wasiojua maisha ya zamu za usiku. Hilo ni kosa la sheria, na wabunge wa majimbo ndio wa kuandamwa nalo.

Kwa sasa una njia mbili. Omba kuahirishiwa, kwa maandishi na kabla ya siku yenyewe. Mahakama nyingi hukubali ombi la kwanza bila maswali mengi ukichagua tarehe nyingine ya karibu. Au omba kuondolewa kwa sababu ya dhiki, ukiambatisha kinachothibitisha: hati ya mshahara, barua ya daktari, uthibitisho kwamba unamlea mtoto mchanga au mgonjwa peke yako. Maneno matupu ya "nina kazi" hayafiki mbali. Na bosi hana ruhusa ya kukufukuza kwa sababu ya juri. Kwa mahakama za shirikisho anaweza kutozwa hadi dola 5,000 kwa kila kosa, na karibu majimbo yote yana katazo kama hilo.

Jioni ya kuamkia siku yako, piga simu au angalia tovuti iliyoandikwa kwenye barua uone kama namba ya kundi lako imeitwa. Mara nyingi haijaitwa na unalala zako. Ila akikupigia mtu kusema ulikosa juri, una hati ya kukamatwa, ulipe kwa kadi za zawadi, kata simu. Mahakama haitozi faini kwa simu.

Ukiitwa, ujue uzito wa kiti hicho. Nyumbani wengi tumezoea wazee wa baraza, ambao Mahakama Kuu ya Tanzania iliwasikiliza bila jaji kufungwa na maoni yao, na Kenya iliwaondoa kabisa mwaka 2007. Juri ya Marekani haishauri. Wakisema mshtakiwa hana hatia, jaji hawezi kubatilisha, na upande wa mashtaka hauwezi kukata rufaa. Katika kesi nzito za jinai huwa ni watu 12, ingawa Florida hutumia sita kwa kesi zisizo za adhabu ya kifo. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani katika kesi ya Ramos, 2020, wote lazima wakubaliane ndipo mtu atiwe hatiani kwa kosa kubwa. Kabla ya hapo Louisiana na Oregon ziliruhusu kumi dhidi ya wawili.

Kwanza kuna mchujo. Jaji na mawakili wanauliza: unamjua mtu yeyote hapa, umewahi kuibiwa, una ndugu polisi? Jibu unachoulizwa, kwa ukweli, usihubiri. Jambo la aibu unaweza kuomba ulisemee faragha mbele ya jaji. Wanaoonekana kuegemea upande huondolewa bila kikomo cha idadi. Zaidi ya hao, kila upande una nafasi chache za kumkataa mtu bila kutoa sababu: kwenye kesi kubwa za jinai za shirikisho, upande wa mashtaka una nafasi sita na utetezi kumi. Arizona ilifuta nafasi hizo mwaka 2022. Rangi haiwezi kuwa sababu tangu kesi ya Batson ya 1986.

Lugha ni mwiba mwingine, na msemaji wa Kiswahili anapaswa kujiandaa nao. Katika Hernandez dhidi ya New York, 1991, Mahakama ya Juu iliruhusu mwendesha mashtaka kuwakataa Walatino waliositasita walipoulizwa kama wangefuata tafsiri ya mkalimani badala ya masikio yao. Swali hilo linaweza kukufikia nawe, ikiwa shahidi ni Mkongo anayesema Kiswahili. Chukua mfano shahidi anasema alimwona mshtakiwa "saa mbili usiku", mkalimani anasema kwa Kiingereza "2 a.m.", yaani saa nane za usiku, kwa vile ametafsiri namba bila kuigeuza saa. Wewe umeshajua kosa, wenzako 11 hawajui. Usiwatafsirie, hata kwenye chumba cha mashauriano. Mwandikie jaji kikaratasi mara moja, umkabidhi ofisa wa mahakama, usahihishaji ufanyike mbele ya pande zote. Ukiulizwa kwenye mchujo, jibu ndilo hilo hilo: nitafuata tafsiri rasmi, na nikiona kosa nitamwandikia jaji.

Kesi ikiendelea, usiguse Google, usipite eneo la tukio "kuangalia tu", usiandike chochote kwenye kundi la familia. Mjumbe mmoja akipekua jina la mshtakiwa, wiki tatu za ushahidi zinaweza kufutwa na kesi ikaanza upya. Chumbani, msipige kura dakika ya kwanza. Mtu akishatamka msimamo huona haya kuuacha. Pitieni kila kipengele cha shtaka kama jaji alivyokisoma, mkiuliza kama kimethibitishwa bila shaka ya msingi. Kwenye madai ya fedha kipimo ni kidogo: mzani ukilalia upande mmoja, basi. Mjumbe akitoa maneno ya ubaguzi wa rangi, mwarifu jaji kabla ya uamuzi; kesi ya Peña-Rodriguez ya 2017 ilifungua mlango wa kulichunguza jambo hilo hata baada ya uamuzi, lakini mlango huo ni mwembamba.

Uamuzi ukisomwa, mmoja mmoja anaweza kuulizwa kama ndio wake. Baada ya hapo kwa kawaida uko huru kuzungumza na mawakili au kukataa. Kabla ya kutoka, pitia kwa karani uchukue cheti cha mahudhurio chenye tarehe zote, maana ofisi ya mishahara kazini itakidai, na hundi ya mahakama huja baadaye kwa posta.