Injini haioshwi kwa mashine ya presha, na haioshwi ziwani

Gari langu, Toyota IST, lilianza kumisi, yaani injini inakatakata na kukosa nguvu, kabla sijafika Buzuruga, hapa Mwanza. Nilikuwa nimetoka kuoshewa injini kwa mashine ya presha kando ya Ziwa Victoria, chini ya boneti kunang'aa kama gari limeshushwa melini jana. Fundi wangu wa Nyakato alipochomoa koili ya kwanza (kifaa kinachopeleka umeme kwenye plagi), shimo la plagi lilikuwa limejaa maji yaliyochanganyika na oili, rangi ya chai ya maziwa. Akaniambia, "Kaka, injini haiogeshwi kama ng'ombe."

Alikuwa sahihi kabisa. Magari yetu mengi yamekuja yakiwa yametumika, raba za soketi zimekauka, na maji ya presha yanapenya mpaka kwenye altaneta (inayochaji betri) na boksi la fyuzi. Ukimwagia maji baridi injini ya moto, chuma kinaweza kupasuka.

Siku hizi naosha mwenyewe asubuhi, injini ikiwa imepoa. Nachomoa waya wa hasi wa betri, nafunika altaneta, koili, fyuzi na mdomo wa hewa kwa nailoni. Kisha sabuni ya maji kwenye maji ya uvuguvugu, brashi ya rangi kuukuu, na matambara. Napaka, nasubiri povu lilainishe grisi, nafuta. Pale palipoganda kabisa natumia tambara lenye mafuta ya taa kidogo tu, na siyagusishi mikanda wala mipira ya maji maana yanaharibu raba. Petroli hapana. Mvuke wake unadaka cheche moja tu na gari lote linaungua.

Faida yake niliiona siku mbili baadaye. Kwenye chuma kisafi ulitokea mstari mwembamba wa oili mbichi, unashuka kutoka ukingo wa tapeti kava, mfuniko wa juu wa injini. Gasketi ilikuwa imechoka, na mvujo ule ulikuwa umejificha ndani ya tope la grisi na vumbi kwa muda ambao siwezi hata kuukadiria. Ndiyo maana nasema tuoshe injini ili tuione. Kama unaosha siku moja kabla ya kuuza gari ili mnunuzi asiuone mvujo, huo ni wizi.

Lakini linaloniuma zaidi ni yale maji meusi. Siku ile nilisimama nikayatazama yakitoka chini ya gari langu, yakapita kwenye mawe, yakaingia ziwani. Utando wa rangirangi ukatanda kati ya magugu maji. Hatua chache tu kutoka pale, mama mmoja alikuwa anachota ndoo. Na maji ya bomba tunayokunywa mjini yanavutwa humuhumu, Capri Point. Hata ukioshea Mabatini, Mto Mirongo utayafikisha ziwani.

Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto ziachwe. Vijana wanaoosha magari siwalaumu, wanatafuta riziki. Kuwafukuza bila kuwapa pa kwenda ni kuwaonea. Jiji liwajengee sakafu ya zege mbali na maji, yenye shimo la kutenga mafuta: oili inaelea juu, maji yanatokea bomba la chini, oili inachotwa na kuwekwa kwenye pipa. Teknolojia yake ni ya saruji na bomba tu. Kijana atakayeoshea hapo, kwa brashi na tambara, mimi nitamlipa mara mbili ya bei ya ziwani.