Haikuwa 15,000

Kwa kuwa saidia fundi wangu ameshamwaga kila kitu kwenye status, acha nisahihishe jambo moja: bei ya ubao niliyomtajia bosi haikuwa 15,000. Ilikuwa 12,000.

Mnaijua ile dari ya mgahawa niliyowaringishia humu mwezi mzima. Msonobari wa Mafinga, mbao za kuchomekana, safu 60, zimebana hata wembe haupiti. Wembe haupiti! Ndivyo nilivyokuwa najitapa, mjinga mimi. Mbao zimeshuka kwenye lori Jumatatu, Jumatatu hiyohiyo nazigonga. Sikuziacha zilale humo ndani siku kadhaa zizoee hewa ya Dar, sikuacha hata nafasi ya kidole ukutani. Halafu masika ikaingia. Ubao ukinyonya unyevu haurefuki, unanenepa. Kila mmoja ukinenepa milimita 1 tu, safu 60 zinataka sentimita 6, na ukuta hausogei.

Juzi, ufunguzi. Bosi kanishika bega mbele ya wageni, maikrofoni mkononi: "Huyu ndiye fundi. Hebu tazameni juu."

Watu wakatazama juu.

Ta!

Msumari mmoja. Chubwi, kwenye supu ya shemeji yake bosi. Nikacheka kidogo, kana kwamba umo kwenye ratiba. Kisha dari ikaanza kutuna, taratibu, kama chapati kwenye kikaango. Ubao mmoja ukachomoka upande huu, ukaning'inia, ukafikiria, ukachomoka na upande wa pili. Ukashuka ukijigeuza kwa madaha, ukalala mezani mbele ya bosi. Hakuumia mtu. Heri ningeumia mimi.

Maana ulilala kifudifudi. Na mgongoni, kwa penseli, kwa ule mwandiko wangu mzuri: "Kununua 9,000. Mzee mwambie 12,000."

(Fundi gani haandiki hesabu nyuma ya ubao? Msinijibu.)

Bosi kavaa miwani. Kasoma. Kavua miwani, kaifuta kwa shati, kavaa tena. Kasoma upya, safari hii kwa sauti, na maikrofoni iko palepale.

"Mzee," akaniuliza, "ndiyo mimi?"

Nikajibu, "Shikamoo."

Cha juu nimerudisha, dari nzima naifumua kwa gharama zangu, nafasi ukutani naiacha. Sasa hivi niko juu ya ngazi. Bosi yuko chini na tochi, na hakuna ubao unaopanda kabla hajaugeuza akaukagua mgongo.