Matanga Kichwa Chini

Mimi ni mtu wa udi, nimekulia taarab ya Unguja. Nilipohamia Edinburgh nikaiona luti, ala ya nyuzi ya Wazungu wa kale, nikasema huyu mbona mtoto wa nyumbani! Hata jina lake Wazungu wamelitoa kwenye al-ud. Kiherehere kikaanzia hapo.

Kuna naghma ya Niel Gow, mpiga fidla wa Perthshire, Uskoti, aliyefariki 1807, aliyomlilia mkewe wa pili. Ya taratibu, inatoa machozi. Lakini fidla ina upinde, sauti unaivuta hadi watu watoe leso. Luti ukiigusa, ishalia na ishakufa. Basi nikaigawa kwa luti mbili: mimi nalia juu, mzee mmoja wa Kiskoti ananijazia besi pale sauti inapokatika.

Nikamwandikia kwa mtindo wa kale: mistari sita, kila mstari uzi mmoja au jozi yake, na namba za kuonyesha pa kubonyeza. Sasa, Wataliano mstari wa juu waliufanya uzi mnene. Mwanamuziki Luis Milán kule Valencia, Uhispania, 1536, aliufanya mwembamba. Mimi niliandika Kitaliano. Mzee alifundishwa kwa mtindo wa Milán. Na namba ni zilezile!

Mazoezi? Tulikuwa na saa moja kabla ya onyesho, ikaisha yote kwa kukaza na kulegeza. Nyuzi ni za utumbo wa kondoo, nje mvua, zinakunywa unyevu kama mandazi kwenye chai.

Tukaanza. Mapigo sawasawa, hapo ndipo nilipodanganyika. Lakini nikishuka kwa majonzi, mzee anapanda. Besi yangu inalia ti-ti-ti utosini mwangu. Na luti ina hila: nyuzi zake sita zimepishana kwa hatua zinazofanana ukihesabu kutoka juu au kutoka chini, kwa hiyo kosa lenyewe likatoka na adabu zake, karibu lipatane. Nikamkata jicho. Mzee akanitikisia kichwa kwa fahari, akaongeza nguvu.

Watu wakapiga makofi. Bibi mmoja akasema hajapata kusikia msiba mchangamfu hivyo.

Usiku nikamtumia rekodi ami yangu, mpiga fidla. Akanipigia asubuhi.

“Shikamoo, ami.”

“Marahaba, mwanangu. Huyu anayelia ni mume, nimefahamu. Na huyo anayecheka huko juu ni nani, mke mwenza?”