Mizani ya msimu, si ya jioni moja

Maktaba ya umma ikitangaza mhadhara kuhusu jambo linalobishaniwa, iwe ni uhamiaji, lugha ya kufundishia, au kurudishwa kwa vitu vya kale vilivyochukuliwa enzi za ukoloni, mada yenyewe huwa haina mlalamikaji. Malalamiko humwangukia mgeni. Kwa nini yeye, na mbona mpinzani wake hakualikwa? Baadhi ya maktaba hujibu kwa kuwapandisha jukwaani wote wawili. Nyingine huona heri kuachana na mada za ugomvi, zibaki na mashairi na historia ya kale.

Wanaotaka ugomvi ukae nje wana hoja nzito. Maktaba inaendeshwa kwa kodi ya watu wa kila mrengo, na mkutubi hakuajiriwa kuwa mhariri wa siasa. Msomaji akishaona kwamba nyumba hii ni ya upande fulani, hatarudi hata kuazima kamusi. Ila jambo hili lilishajaribiwa. Vyuo vya mafundi vya Uingereza, kile cha London kikianzishwa mwaka 1823 kwa juhudi za George Birkbeck na wenzake, vilikuwa na maktaba na mihadhara ya jioni kwa wafanyakazi. Vingi viliweka kanuni ya kuzuia siasa za vyama na mabishano ya dini. Kufikia katikati ya karne ya 19 vilikuwa vikilaumiwa kwamba mafundi wenyewe wamepungua na viti vimekaliwa na makarani. Ada na uchovu wa kutwa kiwandani vilichangia, lakini mtu aliyetaka kujua kwa nini mshahara wake ni ule hakuwa na la kufuata kwenye mhadhara wa kemia.

Ilani ya Maktaba za Umma ya UNESCO ya mwaka 1949, iliyoandikwa upya 1972, 1994 na 2022, inagusa jambo hili. Toleo la 1994 lilitamka wazi kuwa mikusanyo na huduma za maktaba zisiwekwe chini ya udhibiti wa kiitikadi, kisiasa au kidini, wala chini ya shinikizo la kibiashara. Mhadhara ni huduma. Maktaba iliyokiweka kitabu rafuni kisha ikamkatalia mwandishi wake ukumbi ina la kueleza. Hapo wanaotaka ugomvi ukae nje wana jibu zuri, tena ndilo bora walilo nalo: rafu hubeba maelfu ya vitabu vinavyopingana, jukwaa hubeba mtu mmoja kwa saa moja, tena chini ya bango lenye nembo ya maktaba. Tatizo basi ni uchache wa nafasi. Dawa ya uchache haiwezi kuwa kufunga jukwaa.

Je, kuwaleta wawili kunaongeza nafasi? Piga hesabu ya jioni ya dakika 90. Utambulisho dakika 5, kila mgeni 20, kujibizana 15, maswali ya hadhira 25, kufunga 5. Akija mgeni mmoja, anapata 40 na hadhira inapata 40. Kwa hiyo anayelipa gharama ya usawa huo ni msikilizaji. Dakika 20 pia hazitoshi kwa mada ya utamaduni, ambayo bila historia yake haieleweki, na mgeni anayejua mpinzani yupo kushoto kwake huandaa makombora badala ya maelezo. Ukumbi nao hugawanyika kama uwanja wa mpira. Isitoshe, si kila suala lina pande mbili zenye uzito mmoja. Mtafiti wa chanjo akikalishwa sawa na msambaza uvumi, mpangilio wa viti tu umeshadanganya. Masuala mengine yana pande nne, na wawili waliokosa kiti wataonekana hawapo duniani.

Mahali ambapo wawili wanafaa ni kwenye kura ya maoni, ambako jibu ni ndiyo au hapana. Wagombea ni habari nyingine: waalikwe wote kwa masharti yaleyale, au asialikwe hata mmoja.

Kwa mada zilizobaki, mizani itafutwe ndani ya msimu mzima. Chukua msimu wa mihadhara 8. Miezi sita kabla, mkutubi achore jedwali lenye safu za mada, mgeni, taaluma yake, mtazamo wake, na mwisho kundi la wasomaji linaloguswa. Vigezo vya kuchagua wageni vipitishwe na bodi kabla jina lolote halijatajwa. Vikiandikwa baada ya malalamiko, hakuna atakayeamini havikutungwa kwa ajili ya mtu. Nafasi moja iachwe wazi kwa jambo litakaloibuka ghafla. Kisha ratiba yote itangazwe siku moja. Hapa ndipo wengi hukosea: wakitangaza mgeni mmoja mmoja, wa kwanza anahukumiwa peke yake, na akija wa upande wa pili baada ya miezi miwili anaonekana ameletwa kuzima moto.

Mpango huu una tundu lake. Aliyekuja mhadhara wa pili si lazima aje wa sita, hivyo yeye ataondoka na upande mmoja tu. Ndiyo maana meza ya vitabu mlangoni si pambo. Iwe na vitabu 15 hadi 20, vya kumpinga mgeni vikiwemo, na mtumishi wa kuviazimisha palepale, kwa sababu hamu ya kusoma haivumilii hadi kesho. Mwombeni mgeni ataje vitabu vitatu asivyokubaliana navyo lakini anavyoviheshimu. Asiyeweza kutaja hata kimoja amewapa habari muhimu mapema.

Kwenye maswali, karatasi humsaidia mwenye haya na huunganisha maswali yanayofanana, lakini huzusha shaka kwamba msimamizi amechuja. Kipaza sauti ni cha wazi, ila huzaa hotuba. Changanyeni: karatasi zisomwe kwa mpangilio zilivyofika, na kipaza sauti kishikwe na mtumishi, asikiachie. Muda wa mgeni uandikwe kwenye barua ya mwaliko na aonyeshwe kadi zikibaki dakika 10, kisha 5, maana kila dakika anayozidisha inakatwa kwenye maswali. Kama mnarekodi, idhini ya mgeni iwe ya maandishi, na waulizaji waambiwe kabla hawajafungua mdomo.

Kuna mkanganyiko mmoja unaozaa malalamiko mengi ya aina hii: kumwalika mtu si sawa na kumpa mtu ukumbi. Tamko la haki za maktaba la chama cha maktaba cha Marekani, lililopitishwa mwaka 1939 na kurekebishwa baadaye, linataka vyumba vya mikutano vitolewe kwa usawa bila kujali imani za waombaji au makundi waliyomo. Huko maktaba haichagui. Kwenye mihadhara yake inachagua na inawajibika. Kwa hiyo mwenye kuomba ukumbi asitumie nembo ya maktaba kwenye bango lake, na mfadhili wa msimu asipewe sauti katika kuchagua wageni, hata akigharimia viti vyote.

Mwisho wa msimu watu huhesabu vichwa na kufurahi. Mimi ningeangalia vitabu vilivyoazimwa pale mezani, na nyuso ngapi za mhadhara wa nane hazikuwapo kwenye wa kwanza. Zikiwa ni zilezile, safu ya mwisho ya jedwali ilijazwa kwa mazoea.