Mdomo sungura: kushona kwa kipimo au kwa jicho la daktari?

Mjadala wa njia bora ya kushona mdomo sungura, yaani mdomo wa juu wenye pengo tangu kuzaliwa, huishia kwenye kovu: litaonekana au litajificha? Kwa Dodoma, nadhani kuna swali la kutangulia. Je, mtoto huyu ataweza kurudishwa hospitali?

Njia inayojulikana zaidi ni ya Ralph Millard, daktari wa Marekani aliyeitambulisha Stockholm mwaka 1955. Upande wa mdomo uliovutwa juu hukatwa na kuzungushwa ili ushuke, kisha nyama ya upande wa pili husogezwa kuziba nafasi iliyobaki chini ya pua. Kovu hufuata ule mwinuko mwembamba wa asili unaoshuka kutoka puani, na daktari hukata huku akirekebisha. Ndiyo maana wazoefu wanaipenda. Tatizo ni pengo pana: mdomo unaweza kubaki mfupi upande mmoja, hasa kovu linapokaza miezi ya mwanzo.

Tennison, daktari mwingine wa Marekani, mwaka 1952 alikuwa ameshika njia nyingine, na daktari Peter Randall akaiwekea vipimo mwaka 1959. Hapa daktari hupima kwa bikari, huweka alama za wino kwenye ngozi, ndipo anashika kisu. Kipande cha pembetatu kutoka upande wa nje huingizwa upande wa ndani ili mdomo upate urefu wake. Daktari kijana hujifunza njia hii kwa urahisi zaidi, na pengo pana haliitishi sana. Lakini kovu lake hukata kona katikati ya mdomo wa juu, mahali ambapo jicho la mtu hutua kwanza, na kosa likitokea ni gumu kulirekebisha.

Mwaka 2005 daktari David Fisher wa Toronto, Kanada, alichapisha njia inayounganisha vipimo na kovu lililojificha. Ni nzuri, ila inadai mafunzo.

Tafiti zilizolinganisha njia hizi hazijapata mshindi mmoja, na sishangai. Msuli unaozunguka mdomo usipounganishwa vizuri, mtoto akicheka mdomo unavimba pembeni, hata ngozi ingeshonwa kwa ustadi gani. Na mstari mwembamba unaotenganisha ngozi na wekundu wa mdomo ukipishana kwa milimita moja tu, mtu anayeongea naye ataona.

Bado nina msimamo wangu. Mtoto wa Dodoma mjini mwenye mwanya mdogo, nyumbani kwao si mbali na Hospitali ya Benjamin Mkapa, ashonwe kwa njia ya Millard. Marekebisho yakihitajika, yatafanyika. Mtoto wa kijijini Chemba au Mpwapwa mwenye pengo pana ni habari nyingine. Mvua hunyesha msimu mmoja, kati ya Desemba na Aprili, na mama hawezi kuliacha shamba la mtama kwa ajili ya kliniki. Huyo naona apimwe kwanza, kwa njia ya Tennison na Randall, apate mdomo wenye urefu kamili siku hiyo hiyo, hata kama kovu litaonekana kidogo. Isipokuwa kama daktari aliyepo ameshika njia moja tu. Basi atumie hiyo.

Jambo la nyuzi nalo lisisahaulike. Nyuzi za kawaida hutolewa baada ya siku 5 hadi 7, na mtoto mchanga hatulii, pengine alazwe usingizi tena. Kwa anayetoka mbali, nyuzi laini zinazoyeyuka zingemwondolea mama safari nzima.